Glavu ya Kushoto

Asubuhi ile nilikuta damu kwenye shuka la Bibi.

Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa mbichi, na Bibi mwenyewe alikuwa anacheka. Amekaa kitandani, mto mgongoni, sungura wake kajilaza mapajani, mkono wa kulia unamkuna mgongo. Mkono wa kushoto, ule uliokufa siku kiharusi kilipompiga, ulikuwa umelala mbele ya sungura kama mzigo wa mtu mwingine. Na sungura alikuwa anautafuna.

Sitanii. Kidole cha mwisho. Meno yanakwenda tr-tr-tr kama cherehani, na Bibi anazidi kukuna, anazidi kucheka, hana habari.

Kikombe cha chai kikanitoka mkononi.

"Bibi! Anakula kidole chako!"

Akaniangalia mimi, akamwangalia sungura, halafu akautazama ule mkono kama wa jirani. "Mume," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu niko mdogo, utani wa bibi na mjukuu. Kiharusi kilimchukulia maneno yake yote, kikambakizia matatu tu: mume, hapana, toka. La nne, Chokaa, jina la huyo sungura mweupe, alilipata baadaye.

Nikamnyanyua Chokaa kwa ngozi ya shingo. Akageuka akaning'ata kiganja. Nikamtupa kwenye boksi lake, nikapiga kelele za kumwita Mjomba.

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nachomelea vyuma, cheche zinaniingia shingoni na siachi kazi. Lakini pale niliogopa, na sababu ni kisukari. Bibi ana kisukari cha miaka. Tulipomtoa hospitali tuliambiwa: huyu asichubuke, hata kidogo, hasa upande usiohisi. Na mimi nilikuwa namjua mzee mmoja muuza vyuma chakavu, alikuwa anatuletea nondo. Mtu wa kisukari vilevile. Alikanyaga msumari, akasema si kitu. Wakakata kidole gumba. Baadaye wakakata mguu kwenye kifundo, baadaye kwenye goti. Mara ya mwisho kumsikia ilikuwa ni matangazo ya mazishi.

Mjomba akaja mbio na kofia yake ya kuchomelea bado kichwani, kioo kimenyanyuliwa juu. Ni kaka wa mama yangu, na mama yuko mbali kikazi, kwa hiyo pale nyumbani ni sisi: Bibi chumba cha mbele, Mjomba na mkewe chumba cha kati, mimi nyuma, na karakana iko uani.

Akakitazama kidole. Akamtazama Chokaa.

"Huyu leo analala kwenye sufuria."

"Hapana," Bibi akasema.

"Mama, anakutafuna!"

"Hapana!" Na kwa mkono wake mzima akalipiga godoro, pu.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwa sababu ukweli ni huu: Bibi aliporudi kutoka hospitali aligeukia ukuta. Hali chakula, haongei hata hayo maneno yake matatu, hataki kuona mtu. Tulikuwa tunasubiri tu. Halafu jirani mmoja akahama, akatuachia sungura kwa sababu gari lilijaa. Chokaa akaingia mwenyewe chumbani, akapanda kitandani, akamnusa Bibi sikio. Bibi akageuka. Siku ile ile akala uji. Sasa anakaa, anakula, anatukana kwa macho. Ukimtoa sungura, Bibi anarudi ukutani, na wote tulijua.

"Basi," Mjomba akasema, "avae glavu."

Sasa muelewe mafundi wa kuchomelea walivyo. Kwetu sisi hakuna tatizo la mkono lisilotibiwa na glavu. Umeungua? Osha na maji ya chumvi, funga kitambaa, vaa glavu, endelea na kazi. Ukiivua kila saa kuchungulia, vumbi la chuma linaingia na kidonda hakiponi. Mjomba ana makovu kumi na mawili mpaka kwenye kiwiko na yote yalipona ndani ya glavu.

Tukamwosha, tukamfunga kitambaa safi. Mjomba akaleta glavu mpya ya ngozi, ile nene, ya kushoto. Akamvisha mama yake kidole kwa kidole, taratibu, kama anavisha mtoto soksi.

"Hii haipenywi na moto," akasema. "Itapenywa na meno ya sungura? Na isivuliwe vuliwe. Kidonda kinataka kutulia."

Bibi akainyanyua kwa mkono wa kulia, akaitazama, akaiangusha mapajani. "Toka," akamwambia Mjomba, lakini alikuwa anacheka.

"Mama sasa umekuwa fundi!" Mjomba akasema. "Kesho nakuja kukuchukua tukachomelee geti."

Tukacheka wote. Nilirudi uani nimefurahi. Siku zile tulikuwa na kazi ya madirisha ya grili ya jengo zima, tunakata, tunasaga, tunapaka rangi ya kuzuia kutu. Nikipita dirishani kwa Bibi namwona Chokaa anaitafuna ile glavu, tr-tr-tr, hafiki popote. Nasema moyoni, tafuna baba, utachoka wewe.

Kitu nilichokiona ni kwamba Chokaa alikuwa anaharibika. Manyoya ya mgongoni yalianza kutoka, pakabaki uwazi wa rangi ya waridi. Unga mweupe ukawa unamdondoka kama mba. Anajikuna mpaka anaanguka ubavu. Na anang'ata kila mtu. Alimng'ata mke wa Mjomba kifundo cha mguu wakati anamwogesha Bibi, yule mama akatoka chumbani na beseni kichwani kama kofia.

"Ana kichaa yule! Mimi siingii tena!"

"Ukishamwogesha Bibi glavu unaivua?" nikamuuliza.

"Si mmesema isivuliwe? Nazungukia. Na naogesha haraka, yule shetani yuko chini ya kitanda ananivizia."

Na mimi nikaanza kuwashwa. Vipele vyekundu kwenye mikono, tumboni, popote nilipombeba. Nikawa najikuna karakana nzima mpaka Mjomba akanizimia mashine.

"Cheche," ndivyo anavyoniita, "una nini? Unacheza ngoma gani bila ngoma?"

"Sungura ana wadudu, Mjomba. Na wamehamia kwangu."

"Na kwa Mama je?"

Nikageuka kutazama dirisha la Bibi, kwa sababu chumba chake kilikuwa kimeanza kunuka.

Mwanzoni ilikuwa harufu ndogo, tamu tamu, kama tunda lililosahauliwa kabatini. Nikabadilisha nyasi za Chokaa. Nikafua shuka. Nikapiga deki kwa dawa. Kesho yake harufu ipo. Nikamwinua Chokaa nikamchungulia mkia, masikio, tumbo, natafuta kidonda, nikang'atwa mara mbili, sikuona. Harufu ikawa nzito. Ukifungua mlango inakupokea.

"Sungura anaoza akiwa hai," Mjomba akasema, kasimama nje ya mlango, shati puani. "Anakufa yule. Mwache afe mwenyewe, tutamwambia Mama ni kazi ya Mungu."

Na Bibi alikuwa hatukani tena. Analala mchana. Uji anaubakiza. Nilimgusa shavu lina joto, nikajiambia ni jua la dirishani. Nilimwita, "Mke wangu," akafungua jicho moja, akalifunga. Mkono wa kulia bado ulikuwa juu ya Chokaa, lakini haumkuni, umelala tu.

Nilipata woga ambao sijui niuelezeje. Ni kama ukiwa juu ya paa unachomelea, halafu unasikia ngazi inateleza chini yako. Hujaanguka. Lakini umeshasikia.

Nikaamini ni wadudu. Wametoka kwa sungura, wamemwingia Bibi, wanamla kwa ndani. Nikachukua boksi, nikamtia Chokaa, nikatoboa matundu kwa bisibisi, nikaondoka bila kumuaga mtu.

Duka la dawa za mifugo liko mtaa wa tatu, karibu na stendi. Mwenye duka ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Kulikuwa na mteja mmoja mwenye kuku. Nikampita.

"Wewe, foleni huioni?"

"Bibi yangu anakufa," nikasema.

"Mimi natibu mbuzi, mwanangu."

"Ni sungura ndiye anayemwua."

Mwenye kuku akasogea pembeni mwenyewe. Yule mama akavuta boksi, akafungua, akamtoa Chokaa, mkono mmoja kifuani na mmoja chini ya makalio, si kwa shingo kama mimi. Chokaa akatulia kama ameenda kwao. Mama akampuliza manyoya ya mgongoni, fuuu, akaniita niangalie.

"Unaona huo unga?"

"Naona."

"Tulia uangalie."

Nikaangalia. Ule unga ulikuwa unatembea. Chembe moja moja, polepole, kama mji unaonekana kutoka mbali. Mwili mzima ukanisisimka.

"Utitiri wa manyoya," akasema. "Wewe wamekuuma?"

Nikamwonyesha tumbo.

"Mh, umepambwa. Usiogope, kwa mtu hawakai. Tunammaliza yeye, na kwako wanaisha. Nampa dawa ya matone hapa kisogoni, atarudia baada ya wiki kadhaa. Nyasi zote choma, shuka zote chemsha. Na usije ukampaka dawa ya mbwa, nyingine zinaua sungura. Mmeshampaka?"

"Hapana."

"Afadhali. Watu hupaka kwanza, ndipo huja kuniuliza."

"Lakini anang'ata, mama. Ana kichaa. Amemng'ata Bibi mpaka damu."

"Kichaa gani! Njoo uone." Akaweka kipande cha boksi mbele ya mdomo wa Chokaa, halafu akamkuna pale penye uwazi mgongoni. Chokaa akanyoosha shingo, akafumba macho, na meno yakaanza, tr-tr-tr, kwenye kile kipande. Mama akaacha kukuna. Meno yakasimama. Akakuna tena. Meno yakaanza tena.

"Umeona? Pale ndipo panapomuwasha. Ukimkuna, utamu unampanda, anatafuna chochote kilichoko mbele yake. Wewe ukikunwa mgongo huchezeshi mguu? Kiwe kitambaa, kiwe kidole chako, yeye hajui. Mtu wa kawaida hung'atwa mara moja akatoa mkono."

Nikaona picha yote. Bibi anakuna kwa mkono mzima. Mkono mfu uko mbele. Na hautoki, kwa sababu hausikii.

"Kwa hiyo hana ubaya," nikasema.

"Ana ubaya gani? Alikuwa anamshukuru bibi yako."

Nikacheka. Mara ya kwanza siku nyingi. Mama akavuta matone yake, akayadondosha kisogoni. Nikamuuliza, kwa furaha tu, kama mtu anayemalizia mazungumzo, "Na hiyo harufu yake itaisha lini?"

"Harufu gani?"

"Si ananuka. Chumba kizima kinanuka kuoza."

Yule mama akainama, akazamisha pua kwenye manyoya ya Chokaa, mgongoni, halafu tumboni, halafu chini ya mkia, bila hata kukunja uso. Akainuka.

"Huyu hanuki. Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Nyasi. Mkojo kidogo. Vumbi. Basi.

Nikanusa tena, nikitamani kwa Mungu nikute ile harufu. Haikuwepo. Mama akawa ananitazama, na nadhani alikuwa ameshaanza kuelewa kabla yangu, maana sauti yake ilishuka.

"Bibi yako umesema alitoka damu. Kile kidonda kinaendeleaje?"

Nilikuwa nimeshamrudisha Chokaa, nimeshatoka, boksi kifuani.

Nilikimbia. Watu wananipisha, mwenye mkokoteni ananitukana, Chokaa anapiga miguu ndani ya boksi kama moyo wa pili. Kichwani nilikuwa nasema hapana, hapana, neno la Bibi. Mtu akikimbia anapata muda wa kujidanganya. Nikajiambia pengine ni panya amekufa darini. Niliomba iwe panya. Sijawahi kuomba kitu kwa nguvu kama nilivyomwomba Mungu anipe panya aliyeoza.

Mlango wa Bibi. Nikafungua. Harufu ikanipokea, na sungura nilikuwa naye mkononi.

Nikaweka boksi chini, likapinduka, Chokaa akaenda zake chini ya kitanda. Bibi alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, midomo imekauka. Nikainamia ile glavu. Sikuhitaji kusogea sana.

"Mjomba!" nikaita. "Mjomba, njoo! Njoo na mkasi wa bati!"

Alikuja anafuta mikono. "Kuna nini? Sungura amekufa?"

"Sungura mzima. Ni mkono."

Kwanza hakuelewa, halafu akaelewa, nikaona uso wake unavyobadilika, kutoka juu kushuka chini. Akapiga magoti. Akajaribu kuvuta glavu kwenye vidole. Haikutoka. Akavuta tena kidogo, kikatoka kitu cha maji kwenye mkunjo, akaachia kama ameshika chuma cha moto.

"Kata," akaniambia. "Wewe kata. Mimi siwezi."

Nikaingiza mkasi kwenye kifundo. Ngozi ile tunaisifu kwamba haikatiki, na kweli ilikuwa haikatiki. Nilikuwa naogopa nisimkate yeye, na naogopa zaidi kwamba nikimkata hatajua. Bibi akafungua macho akanitazama wakati wote. Hakulia hata kidogo. Ningefurahi alie.

Nilichokiona ndani sitakisema chote. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi. Cha pili yake kinakifuata. Mgongo wa mkono umevimba, unang'aa, na mstari mwekundu umeanza kupanda kuelekea kiwiko, mwembamba, umenyooka, kama tunavyochora kwa chaki kabla ya kukata bati.

"Mama," Mjomba akasema. "Mama. Mama." Hakuwa na neno jingine. Walikuwa sawa sasa, yeye na Bibi.

Kwenda hospitali Mjomba alimpakata kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, kofia ya kuchomelea imesahaulika kichwani mpaka nesi wa mapokezi akamwambia avue. Daktari alikuwa dada kijana, macho yamechoka. Alipima sukari, akakunja mdomo. Akafunua mkono, akautazama mpaka kwenye kiwiko.

"Hiki kidonda mara ya mwisho kilifunguliwa lini?"

Mjomba akakohoa. "Tulikuwa tunakiangalia, daktari. Hata jana…"

Nikamtazama Bibi pale kitandani, mdogo, sindano ya maji mkononi. Nikafikiri, huyu daktari akidanganywa atakosea.

"Hakijafunguliwa," nikasema. "Tangu alipong'atwa. Tulimvisha glavu ya kuchomelea, hatukuivua tena."

Mjomba alinigeukia na jicho ambalo kwa kawaida linafuatiwa na kofi. Kofi halikuja.

"Asante," daktari akasema. Hakugomba, na hilo ndilo liliniogopesha zaidi. Mtu akikugombeza, ujue mambo bado yana nafuu. "Vidole viwili vimeshakwenda, hivyo msiniulize habari zake. Sasa ninapigania mkono. Na kama ule mstari umefika mbali kuliko ninavyouona, napigania yeye."

Wakamsukuma ndani, mlango ukafunga.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na Mjomba. Mbele yetu ukuta wa kijani, umechubuka pale vitanda vinapougonga. Mke wa Mjomba akapiga simu, anauliza hali, anasema sungura yuko chini ya kitanda hataki kutoka na yeye hainami. Nikamwambia achemshe shuka zote. Akauliza zinahusiana nini. Nikakata.

"Mimi ndiye nilisema isivuliwe," Mjomba akasema.

"Ulisema."

"Ungenitetea basi."

"Nikutetee kwa nani? Hapa tuko wawili."

Viganja vyake vilikuwa vimefunguka juu ya magoti, na makovu yake yote, yale anayojivunia. Alikuwa anayatazama.

"Mimi nilikuwa nasikia maumivu," akasema polepole. "Kila kidonda changu. Kikizidi, nilikuwa nasikia, naivua. Sikuwahi kufikiri…"

Kila mlango ukifunguka tunainuka wote wawili, tunakaa. Anatoka mtu na ndoo. Tunainuka, tunakaa. Mle ndani yuko mtu pekee duniani anayeniita mume, na sijui wanamkata wapi. Nilijishika mkono wangu wa kushoto kwenye kifundo, nikapanda nao, hapa, au hapa, au hapa, nikaacha kwa sababu nilijua nikifika begani nitapiga kelele.

Daktari alipotoka alikuwa amevua barakoa.

"Vidole viwili na kipande cha kiganja. Mkono umebaki. Sisemi umepona, nasema umebaki. Joto likishuka ndio nitawaambia kitu."

Joto halikushuka siku ile. Wala iliyofuata. Lilipokuja kushuka mimi nilikuwa nimelala nimekaa, nikaamshwa na sauti kavu: "Mume."

"Nipo."

Akautazama mfuko mkubwa wa bandeji. Akanitazama. Nikajiandaa kwa neno lolote.

"Chokaa?"

"Yupo nyumbani. Amepakwa dawa. Ana mba kuliko Mjomba."

Bibi akacheka kwa upande mmoja wa uso, ule unaocheka.

Sasa kazi ya bandeji ni yangu. Nesi alinifundisha, na kila asubuhi kabla sijafungua nanusa kwanza, halafu ndio nafungua. Nyama nyekundu ni nzuri. Hata ikiwa nzuri jana, leo nafungua naogopa. Sijazoea, na sitaki kuzoea.

Aliyepotea ni Mjomba. Hakuwa anaingia chumbani kwa mama yake. Anasimama mlangoni, anauliza, "Amekula?" anaondoka. Uani alikuwa anachomelea kitu hataki nikione. Siku moja akakileta: sahani ya chuma yenye ukingo mrefu, miguu minne, imesagwa vizuri, imepakwa rangi, ya kumwekea Bibi mkono ndani ili sungura asiufikie.

"Mjomba," nikamwambia, "acha chuma."

"Ni kizuri, angalia, hakina ncha."

"Naona ni kizuri. Lakini utamwekea mkono humo, utaondoka, na sisi tutasema mkono uko salama. Yeye si anamtaka sungura? Basi mtu akae hapo aushike. Kila akimpakata."

"Nani akae?"

"Leo mimi nina bandeji za kuchemsha."

Alisimama pale na sahani yake kama mtoto aliyekataliwa zawadi yake. Bibi alikuwa anatusikiliza. Akapiga godoro kwa mkono wa kulia, upande wa kushoto wake, pu, pu. Kaa.

Mjomba akakaa. Akaunyanyua ule mkono wa bandeji kwa viganja vyake vitupu, akauweka juu ya goti lake, mbali. Jasho lilikuwa limemtoka mdomo wa juu. Nikamweka Chokaa mapajani kwa Bibi. Manyoya yalikuwa yanaanza kuota, mafupi, lakini bado alikuwa anawashwa. Bibi akaanza kumkuna. Chokaa akanyoosha shingo, akafumba macho, akatafuta cha mbele yake, na cha mbele yake kilikuwa kidole gumba cha Mjomba.

Tr-tr-tr.

Mjomba akakaza meno. Nilimwona anataka kutoa mkono, na anaogopa akiutoa ule wa Bibi utateleza. Hakuutoa. Bibi akaacha kukuna. Akamtazama mwanawe usoni, kwa makini, kama anasoma kitu kwa mbali. Midomo ikahangaika. Neno lilikuwa geni, hatukuwahi kulisikia tangu augue, na lilitoka kwa vipande.

"Ina… uma?"

Mjomba akatingisha kichwa kukubali.

"Inauma, Mama."

Bibi akafikiri. Halafu akaendelea kumkuna sungura.